Koki Iliyofungwa

Pikipiki ya Nazari ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kituo, chini ya bati linalovuja, na Inspekta Oliva Mapunda alikuwa ameshaizunguka mara tatu bila kuigusa. Ilikuwa Jumapili saa tatu asubuhi. Kesho yake, saa kama hiyo, mwenye pikipiki angesomewa shitaka la mauaji, na shitaka hilo halina dhamana.

Jalada lilikuwa jembamba na lilisomeka vizuri kupita kiasi. Alhamisi asubuhi, Nazari na Cuthbert, waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja pale Tingi, waligombea abiria, na Nazari akasema mbele ya watu kumi kwamba leo atammaliza mwenzake. Ijumaa alfajiri Cuthbert alikutwa amekufa korongoni chini ya kona ya Kisimani, kichwa kimepasukia kwenye mawe. Juu yake, kando ya barabara, ilikuwa imesimama pikipiki ya Nazari. Jana jioni Nazari alikuwa amekiri na kutia saini. Mkuu wa kituo aliona kazi imekwisha. Oliva naye angeona hivyo, kama si saa mbili zilizopotea.

"Koplo Joakim," aliita. "Kutoka Kisimani mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Robo saa, afande. Ukienda taratibu, dakika ishirini."

"Maelezo yako yanasema uliichukua hii pikipiki saa moja na nusu. Daftari la mapokezi linasema imeingia saa nne kasoro robo. Ulipitia wapi?"

Joakim alitazama viatu vyake. Alikuwa kijana mzuri, mrefu, aliyezaliwa bondeni, na milima ilikuwa haijamzoea.

"Nilipumzika kidogo, afande."

"Karibu saa mbili?"

"Ilizima njiani." Sauti ilishuka. "Haikumaliza hata kilomita moja. Nikafungua tenki, mafuta yamo. Nikapiga kiki mpaka mguu ukakataa. Nikaisukuma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu kabisa. Kuna mama alikuwa amebeba kikapu cha kahawa, ndiye aliyeniambia, baba, angalia koki. Nikaangalia. Ilikuwa imefungwa."

"Na hukuandika."

"Ningeandikaje, afande? Kwamba koplo mzima amesukuma pikipiki mlima mzima na mafuta yamejaa?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kinakaribia kumuumbua mtu mwingine kabisa. Oliva alichuchumaa akaitazama ile koki, kijichuma kidogo chini ya tenki upande wa kushoto. Ukiifunga, injini itaendelea kwa yale mafuta machache yaliyokwisha kushuka kwenye kabureta, na yakiisha inakata pumzi. Joakim alikwenda chini ya kilomita moja. Maana yake aliikuta imefungwa.

"Wewe hukuigusa kabla ya kuondoka?"

"Afande, sikujua hata iko wapi."

Hilo alilisema kwa uchungu kiasi kwamba Oliva hakuona haja ya kuuliza tena.

*

Nazari aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na minne, lakini siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemwongezea mingine.

"Si nimeshasaini, afande?"

"Umesaini. Sasa niambie, unazimaje pikipiki yako?"

Alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Sijaelewa."

"Umefika kijiweni. Unataka kuzima injini. Unafanya nini?"

"Nazungusha ufunguo, basi. Nikiwa na haraka naiacha kwenye gia, naachia klachi, inajifia yenyewe."

"Na koki?"

"Koki gani?" Akafikiri. "Aa, ile ya mafuta. Ile sijaishika tangu ninunue chombo. Labda fundi."

"Alhamisi jioni ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwenye pikipiki. Nilikuwa kilabuni kwa Mama Hyasinti. Ilikuwa siku ya gulio, nilikunywa tangu mchana, nikalala nyuma ya mapipa. Nani aibe pikipiki Tingi, afande? Nilipoamka kulikuwa kumekucha na polisi wananiita jina."

"Basi kwa nini ulisaini?"

Nazari hakujibu kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Oliva.

"Nimesema sijui kwa siku mbili nzima. Mtu asiyekumbuka alikuwa wapi, mwishowe na yeye anaanza kuamini. Nilisema nitammaliza, na kweli amekwisha. Labda nilikwenda. Andika tu, afande, wewe si umesoma." Kisha akauliza, "Mke wangu, Kalista, ameshajifungua?"

"Bado."

"Afadhali," alisema Nazari.

*

Kutoka kituoni mpaka Kisimani barabara inateremka bila kupumzika. Ni lami nzuri, inayoviringika kuelekea ziwani, na waendesha bodaboda wameshaijua tabia yake. Wakifika kileleni wanazima injini na kuachia chombo kiserereke chenyewe, kilomita sita au saba, wapate kuokoa mafuta ya nusu kikombe. Oliva alikutana na wawili asubuhi ile. Walimpita kimya, matairi yakifoka kidogo juu ya lami, na wa pili alikuwa ameshamfikia mgongoni kabla hajamsikia. Alimkemea. Yule alipunga mkono akaendelea na safari yake.

Yeye aliteremka na pikipiki yake injini inanguruma, gia ya pili. Alipofika kwenye kona aliegesha mbele ya nyumba pekee iliyopo pale, ya matofali ya kuchoma, dirisha lake likitazama barabara. Aliitoa gia akaweka nyutro, akaacha injini ikae kwenye silensa kidogo, ikinguruma taratibu bila kwenda. Akazima kwa swichi ya mkononi. Akazungusha ufunguo. Akainama, akafunga koki.

"Karibu, mwalimu," sauti ya mwanamke mzee iliita kutoka ndani. "Leo umekuja mapema. Misa imekwisha?"

Oliva alibaki ameinama, vidole vyake viko kwenye koki. Alitamani asiwe amesikia.

"Shikamoo, mama," alisema alipoingia. "Si mwalimu. Ni mimi, Oliva wa polisi."

"Marahaba, mwanangu. Ee, basi umezima kama yeye. Nisamehe."

Bi Restituta alikuwa mtu wa kitandani mwaka wa tatu sasa, tangu nyonga ivunjike. Kitanda kilisogezwa dirishani asikie watu wanaopita, kwa kuwa macho nayo yalikuwa yamekwisha kumuaga. Ijumaa Koplo Joakim alichungulia, akaona mgonjwa amejifunika gubigubi, akaona si uungwana kumsumbua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada: hakuna shahidi jirani.

"Alhamisi jioni ulisikia nini, mama?"

"Pikipiki. Ilikuja kutoka juu na injini yake, si kama hawa wanaoserereka. Ikasimama hapo hapo uliposimama wewe. Ikakaa kwenye silensa, nikasema Salamu Maria. Nilipofika Amina, swichi, tik, ikazima. Halafu ufunguo."

"Kwa nini ulisali?"

"Mazoea tu. Marehemu mume wangu alikuwa katekista, na makatekista wote wa huku walifundishwa pikipiki na mwalimu Bartholomayo pale parokiani. Si hata wewe? Alikuwa anawaambia, injini imetoka kufanya kazi, ina moto. Usiikate kama unayemchinja kuku. Ipe Salamu Maria moja ipoe, kisha ndipo uzime na kufunga koki. Mume wangu akiwa nje anaisema, na mimi jikoni naisema. Miaka kumi na tisa."

Oliva alikuwa ameketi kwenye kigoda. Ndiyo, hata yeye. Miaka kumi na minne nyuma, konstebo mgeni aliyeogopa kushika klachi, akizungushwa uwanjani na mzee mwenye kofia ya sufu ambaye hakupaza sauti hata mara moja. Kwa posho yake ya kwanza Oliva alimnunulia mke wa mzee huyo kitenge.

"Waliofundishwa na mwalimu, mama, nani bado anaendesha?"

"Hata, wamekwisha. Mume wangu huyo amelala. Pankras alihamia Songea. Leopold macho hayaoni. Cuthbert, Mungu amlaze, alifundishwa lakini hakushika, alikuwa anazima juu mlimani kama wenzake." Bi Restituta alihesabu kwa vidole juu ya blanketi. "Umebaki wewe. Na mwalimu mwenyewe."

"Sauti za watu hukusikia?"

"Mbili, za kiume, zinaongea taratibu. Nikasinzia. Ningejua kuna kifo pale, ningesinzia?"

Kulikuwa na swali moja limebaki. Oliva alilijua tangu alipopitwa na yule bodaboda wa pili asiye na sauti, na njia nzima alikuwa akilikwepa.

"Mwaka jana, siku ile mama Rosa, mke wa mwalimu, alipoanguka korongoni hapa. Nilikuja kukuhoji."

"Ulikuja. Ulikaa hapo hapo. Ukaniuliza, mama, ulisikia mlio wa pikipiki? Nikakujibu hapana. Na sikusikia."

"Ulisikia nini?"

Bi Restituta aligeuza uso wake kuelekea kwenye sauti. "Tairi. Na mnyororo, ule unalialia ukiwa umelegea. Kitu kikagonga, pu. Halafu mnyororo ukaendelea kwenda zake chini. Lakini wewe hukuniuliza habari ya mnyororo, mwanangu. Uliniuliza mlio."

Oliva alikumbuka kila neno la ukurasa ule kwa sababu aliuandika yeye. Jirani hakusikia pikipiki yoyote. Marehemu aliteleza akiwa na mzigo wa unga. Jalada lifungwe. Ndani yake kilikuwamo kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, cha taa ya indiketa, ambacho mume wa marehemu alikiokota pale akakileta kituoni kimefungwa kwenye leso. Alimwambia mzee yule kwamba barabarani vipande kama hivyo ni vingi kuliko mawe. Alimwambia kwa upole, kwa kuwa alimheshimu.

*

Mwalimu Bartholomayo Ndunguru alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye kona, amevaa koti la Jumapili. Pembeni yake, kahawa nyekundu ilikuwa imeanikwa juu ya mkeka na kuku wanaivinjari bila kufukuzwa. Kwenye magoti yake kulikuwa na mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko blanketi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nilisikia ukizima pale juu." Alimtazama. "Umefunga koki?"

"Nimefunga."

"Na mimi nilifunga. Nimekuja kukumbuka Ijumaa mchana nikiwa shambani, nikajua Oliva atakuja. Sikukusudia. Mkono ulifunga wenyewe."

Oliva alitakiwa kumwonya. Kuna maneno yake, nayo anayajua kwa moyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Aliyasema yote mpaka mwisho. Mzee alisikiliza kwa adabu kama anayesikiliza matangazo ya misa.

"Leo tumemsomea Rosa misa ya mwaka," alisema. "Nilitaka ipite kwanza. Nilijiambia, kijana ataumia siku tatu, kisha nitakwenda nimtoe. Siku tatu ni nyingi, eti?"

"Ameshakiri, mwalimu. Amesaini kwamba ni yeye."

Bartholomayo alifumba macho. "Hilo sikulijua," alisema. "Mtu anasainije kitu ambacho hakufanya?"

"Alikuwa amelewa. Hakumbuki."

Kuku mmoja alipanda juu ya kahawa. Hakuna aliyemwondoa.

"Cuthbert alinijia mwenyewe," mzee alianza. "Alhamisi, gulioni. Pikipiki yake iko kwa fundi, ana kiu ya kuzungumza. Akaniambia, mwalimu, mwaka mzima silali. Ni mimi niliyemgonga mama. Nilikuwa nimezima injini juu, hakunisikia, na kona ikanijia haraka. Nikamwambia twende ukanionyeshe mahali. Pikipiki ya Nazari ilikuwa pale kilabuni na ufunguo wake, nikaichukua, nikasema nitairudisha baada ya saa moja. Nilikuwa naendesha mimi. Nilitaka tufike, nipaone, tusali, nimlete kwako."

"Mkafika."

"Tukafika. Nikazima vizuri. Akanionyesha. Rosa alikuwa amesimama ukingoni kabisa, alikuwa amempisha. Nikamwuliza swali moja tu. Mbona hukusimama? Pengine alikuwa hai bado. Unajua alinijibu nini?"

Oliva alitikisa kichwa.

"Alisema, mwalimu, betri ilikuwa mbovu na kiki imevunjika. Ningesimama, mwendo ungeisha, isingewaka tena." Mzee aliinua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma. "Nikamsukuma kwa hii. Sijui kama nilitaka afe. Nilitaka aanguke alipoangukia yeye. Nilishuka kumwangalia, alikuwa amekwisha. Pikipiki nikaiacha, sikuweza tena kupanda. Nikarudi kwa miguu, nikala ugali wangu. Huo ndio ushenzi wenyewe, mwanangu. Nilikula nikashiba."

Maelezo yalikuwa yamekamilika. Nia, nafasi, chombo, na maiti. Kwa miaka kumi na minne kazini, Oliva hakuwahi kupata ungamo lililonyooka hivyo, na angetoa mshahara wa mwaka asiwe amelipata.

"Nilikuja kwako," mzee alisema. Hakulaumu. Ndivyo ilivyokuwa tu. "Nilikuletea kile kipande cha taa. Ukaniambia hakuna aliyesikia pikipiki."

"Nilikosea, mwalimu."

"Najua. Ningekufundisha na hilo, kwamba iliyozimwa ndiyo inayoua. Sikufikiria kama mtu mwenye akili atazima injini angali anakwenda."

Alisimama, akauchukua mfuko wake, akafunga mlango kwa kamba. Akauliza kama mahabusu wanaruhusu blanketi. Oliva alisema wanaruhusu.

*

Walipanda mlima kwa pikipiki ya Oliva, mzee nyuma, mfuko katikati yao. Kituoni Oliva alisimamisha mbele ya ngazi, akaweka nyutro. Injini ilibaki kwenye silensa. Nyuma ya sikio lake alisikia minong'ono imeanza, Salamu Maria, umejaa neema, nayo ikaenda bila haraka mpaka ilipofika kwenye sasa na saa ya kufa kwetu. Amina.

Oliva hakuzima. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi na hakikutaka kushuka.

"Tayari, mwanangu," alisema Bartholomayo.

"Najua, mwalimu."

Mzee akaanza tena kutoka mwanzo. Alipofika Amina ya pili na injini bado inanguruma, aliinama taratibu, akapitisha mkono chini ya tenki, akafunga koki. Kisha wakakaa pale, mwalimu na mwanafunzi wake, wakisubiri mafuta yaliyobaki kwenye kabureta. Yalichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Injini ilikohoa, ikapanda kidogo, ikakata.

Koplo Joakim alikuwa mlangoni.

"Mtoe Nazari," Oliva alisema bila kugeuka. "Mrudishie viatu. Kisha uniletee jalada la Rosa Ndunguru, la mwaka jana."

"Lile si lilifungwa, afande?"

"Nililifunga mimi. Lete."

Nazari alitoka akiwa ameshika viatu mkononi, akipepesa macho kwa sababu ya jua. Alimwona mzee amesimama chini ya ngazi na koti lake la kanisani, mfuko wa rambo kwapani, akasimama ghafla. Uso wake, ambao siku tatu haukuwa na kitu, ukajaa. Alishuka ngazi mbili, akaweka viatu chini ili amshike mkono kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Umekuja kuniwekea dhamana, mzee wangu? Na mimi wala si ndugu yako. Mungu akuzidishie."

Bartholomayo alimtazama Oliva. Oliva alikuwa ameinamia pikipiki, akitafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika mkononi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee. "Vaa viatu."